Mitungi ya Bibi Somoe

Watoto wa Mwalimu Cuthbert wa Masasi waliingoja likizo ya kiangazi kuliko walivyoingoja Krismasi. Krismasi ilikuwa na gauni jipya na sahani ya wali, basi. Likizo ilikuwa Newala, kwa Bibi Somoe, mama mzazi wa mama yao. Huko kulikuwa na mihogo ya kuchoma, mabibo yanayodondoka yenyewe, na binamu wa kila umri waliolala mkeka mmoja wakipigana mateke hadi asubuhi. Na juu ya hayo yote kulikuwa na maji.

Ndiyo, maji. Aliyezaliwa zama za bomba atacheka, na acheke, hajui. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, malori ya karanga yakiwa bado yanapita kwenda Nachingwea, kule juu Newala hakukuwa na kijito wala kisima cha kutegemewa. Mwanamke aliyetaka maji alibeba mtungi, akateremka gema la Shimo la Mungu mpaka bondeni, akachota, akapanda tena magoti yakimtetemeka. Maji hayo yalipikiwa na kunywewa, na yaliyobaki mtoto akanawishwa uso. Kuoga mwili mzima lilikuwa jambo la harusi. Hata Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya Mwingereza, pale bomani maji yake yalipandishwa na wafungwa, na watu walisema alioga kwa beseni moja, kisha akafulia soksi humo humo.

Kwa Bibi Somoe watoto waliogea ndoo nzima. Waliogea asubuhi, wakaogea na jioni, wakarushiana maji wakicheka, na Bibi hakumgombeza mtu. Uani, chini ya banda la nyasi, mitungi ilijipanga, mikubwa, myeusi, kila mmoja umejaa hadi shingoni. Na Bibi aliishi peke yake. Mumewe alikwisha kufa, mabinti wameolewa mbali, na goti lake moja lilikuwa bovu. Hakuna aliyewahi kumwona akiteremka gema. Majirani walikuja na vibuyu kuomba kata moja ya maji, wakapokea kwa mikono miwili, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Hawakuuliza. Mwenye kiu haulizi.

Mabel naye hakuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, msichana wa darasa la nne, mwenye majivuno kidogo ya mtoto wa mwalimu. Mdogo wake, Emilia, ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya mbele. Shuleni Masasi Mabel aliwasimulia wenzake habari za maji ya Bibi yake mpaka wakachoka kumsikia.

Saa tamu kuliko zote ilikuwa saa ya jua la utosi. Bibi aliwaita watoto wote ndani, akampa kila mmoja kata ya maji baridi, akafunga mlango, akakaa mgongo wake ukiwa umeuegemea. Kisha akaanza hadithi. Nje, uani, ilisikika sauti ya maji yakimiminwa mtungini. Yalimiminwa taratibu, mtungi baada ya mtungi, na aliyemimina hakusema neno.

"Ni nani, Bibi?" binamu mmoja aliuliza zamani.

"Watani wangu," Bibi akajibu, na watoto wakacheka mpaka usingizi ukawachukua. Maisha yake yote Mabel hakupata tena usingizi mtamu kama ule, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine alipokuja kukisimulia kisa hiki uzeeni, kwa jirani mmoja tu, mlango ukiwa umefungwa.

Mama yao, Julia, hakwenda Newala. Tangu aolewe hakukanyaga kwao. Alisema jua la kule linampandisha kichwa, na Mwalimu Cuthbert, aliyejua hesabu na katekisimu kuliko mambo ya wakwe, aliridhika na jibu hilo. Lakini kumnyima mama yake watoto, Julia hakuweza. Kwa watu wa kule mtoto ni wa ukoo wa mama, na binti anayemnyima mama yake wajukuu amejikata mwenyewe. Basi kila kiangazi aliwafungia safari, akatia zawadi ya Bibi ndani ya kapu, akashona mdomo wa kapu kwa sindano ya magunia, na kila kiangazi aliwaambia neno lile lile.

"Msimfikie bibi yenu mikono mitupu. Mpeni kwanza, ndipo mkae."

Mwaka huo lori lilipanda gema likinguruma, abiria wakiwa juu ya magunia, vumbi limewapaka sura moja wote. Bibi Somoe alikuwa akiwasubiri pale lori liliposimama. Alilichukua kapu, akajitwika, akatangulia. Kwa goti lake bovu alitangulia upesi ajabu. Emilia alisimama njiani kuokota mabibo, Mabel akamgombeza, na walipoinua macho Bibi alikwisha potea kwenye kona.

Walimkuta kibarazani, ameketi juu ya kigoda, kapu liko miguuni pake, uzi wa kushonea uko mahali pake. Ndugu walikuwa wamejaa: mama wadogo, binamu, na Isabela kutoka Lukuledi, ambaye Mabel alimpenda kuliko binamu wote. Jirani mmoja, Mama Vitalis, alikuwa amekuja na kibuyu chake kuomba maji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Haya, umeniletea nini?"

Hapo msomaji aelewe jambo moja. Bibi na binti yake hawana utani. Kati yao kuna heshima, hata kutazamana sana usoni ni haya. Bali bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu mke mwenza, humwambia ana miguu ya kuku, na mjukuu hurudisha. Na utani una sheria yake: cha mtani hakidaiwi. Mtani akichukua jogoo wako mbele ya watu, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako.

Mabel alifumua uzi. Akatoa gauni lake, gauni la Emilia, taulo, kitabu cha sala. Akapapasa chini. Akapindua kapu. Hakukuwa na zawadi.

Watu walikuwa wanamtazama. Masikio yalimwaka moto. Mkono mtupu haulambwi, na yeye ndiye mtoto wa mwalimu, mbele ya ukoo mzima. Isabela aliziba mdomo asicheke. Mabel alitafuta pa kutokea, na pa kutokea palikuwa utani. Akamshika Emilia mabega, akamsukuma mbele.

"Nimekuletea huyu, Bibi! Mchukue. Anakula sana, hana kazi, na meno hana!"

Kibaraza kizima kiliangua kicheko. Emilia naye alicheka, pengo wazi. Bibi Somoe peke yake hakucheka. Alikutanisha viganja vyake polepole, kama mtu anayepokea kitu kizito, akasema, "Nimepokea."

Alichovya vidole katika kata ya maji, akamlowesha Emilia utosini. Watu wakazidi kucheka. Mama Vitalis aliinuka, akachukua kibuyu chake kitupu, akaenda zake bila maji.

*

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Haikupita siku nyingi, Emilia akawa mtoto mwingine. Alikuwa msemaji, wa kuuliza kwa nini mpaka mtu akaziba masikio. Sasa alikaa ukutani. Aliamka amechoka. Aliitwa, akachelewa kuitika, kama jina lilikuwa linamfikia kutoka mbali. Mabel alidhani ni homa, akamfunika kanga, akampa uji.

Siku moja alikuwa akimchana nywele. Kitana kilipita utosini bila kushika kitu. Mabel akatazama. Pale katikati nywele zilikuwa zimekwisha. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa, imesuguliwa, kama utosi wa mwanamke aliyebeba mizigo miaka thelathini.

Kisha akatazama nyayo zake. Udongo wa Newala juu ni mchanga mwekundu, mkavu. Kati ya vidole vya Emilia kulikuwa na tope jeusi la bondeni. Nalo lilikuwa bado bichi.

"Ulikwenda wapi?"

Emilia alimtazama. Midomo ilisogea, ikakoma.

Alasiri hiyo Mabel alikwenda mikoroshoni kuokota mabibo, na Mama Vitalis alikuwa huko, ameinama. Hakuinuka. Aliendelea kuokota, akasogea, akasogea, mpaka sauti yake ikamfikia mtoto bila mwingine kusikia.

"Mwanangu. Ile kata anayowapa saa sita, usinywe. Jifanye umekunywa."

"Kwa nini, Mama Vitalis?"

"Utaona. Ukishaona, usipige kelele. Cha mtani hakidaiwi. Lakini hukombolewa."

"Kwa kitu gani?"

Mwanamke yule aligeuza uso. "Maji yake nimekunywa miaka yote hii, mimi na wanangu. Usiniulize zaidi."

*

Kesho yake, jua lilipofika utosini, Bibi aliwaita ndani. Kata ikazunguka. Mabel aliweka mdomo, akafumba midomo, akayamwaga maji polepole ndani ya shingo ya gauni lake. Yalikuwa baridi. Mlango ukafungwa. Hadithi ikaanza, na mmoja mmoja binamu wakalala. Isabela alilala mdomo wazi, mguu wake ameutupa juu ya Mabel kama kawaida yake. Emilia alikuwa upande wa pili, ameugeukia ukuta.

Bibi alinyamaza. Nje maji yakaanza kumiminwa.

Ukuta ulikuwa wa udongo, na udongo una nyufa. Mabel alisogeza uso.

Jua lilikuwa kali. Uani pote paliwaka, na hapakuwa na pa kujificha kitu. Walikuwa wanatoka kwenye njia ya gema, mmoja nyuma ya mwingine, mizigo kichwani. Walikuwa watoto, kwa urefu wao na kwa nguo zao. Nguo nzuri za likizo. Mmoja alivaa gauni lenye kola pana, la mtindo wa zamani. Mwingine alivaa kaptula iliyopigwa pasi. Kila mmoja alifika mtungini, akamimina, akapisha.

Walikuwa watoto, lakini walikuwa na mvi.

Mmoja alipita karibu na ufa. Mwili ulikuwa wa msichana wa miaka minane. Nywele nyeupe zilizunguka kipara cha utosi. Mabel aliujua ule uso. Alikuwa ameuona Masasi, ndani ya picha ndogo aliyoiweka mama yake kwenye Biblia: Josephina, dada wa mama, aliyekufa kwa homa likizoni kwa bibi yake, zamani sana, mitungi hii ilipokuwa bado ya bibi huyo. Mdomo wa Josephina ulikuwa wazi kwa kuhema. Ndani hamkuwa na ulimi.

Wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wote. Kibuyu kilikuwa kikubwa kuliko kichwa chake. Alivaa gauni ambalo Mabel mwenyewe alilipiga pasi Masasi. Miguu ilikuwa inatetemeka. Alifika, akashindwa kukitua, hakuna aliyemsaidia. Alifungua mdomo, na sauti haikutoka.

Ulimi ulikuwamo. Bado ulikuwamo.

Mabel aligeuka. Nyuma yake Emilia alikuwa amelala vilevile, amegeukia ukuta. Akamgusa bega. Lilikuwa baridi. Lilibonyea. Kidole kiliingia kama kinavyoingia katika gogo la mgomba, na kilipotoka kilikuwa na utomvu.

"Hukunywa maji, mke mwenzangu."

Bibi hakuwa amesogea. Alikuwa pale pale mlangoni, mgongo kwenye mbao, macho yamefumbwa.

Mabel alikuwa na kelele kooni. Aliimeza. "Bibi. Nirudishie mdogo wangu."

"Nani kakunyang'anya? Umenipa mwenyewe. Mbele ya watu. Wote wamecheka."

"Ulikuwa utani."

"Ndiyo," Bibi akasema kwa upole. "Ulikuwa utani."

Nje kibuyu kiligonga mtungi.

"Basi namkomboa."

Bibi akafumbua macho. Alitabasamu, na Mabel akaona kwamba neno hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu siku ya kapu. "Komboa. Mtani hatoi hivi hivi, hupokea kingine. Huyo hapo je?" Akaelekeza kidevu kwa Isabela.

Isabela alikuwa anakoroma kidogo. Jana yake walikuwa wamegawana bibo moja, na nusu kubwa Isabela alimpa yeye. Mabel aliutazama ule mguu juu ya mguu wake. Alifungua mdomo. Akaufunga.

"Nichukue mimi."

"Mtu hajitoi. Hiyo si sheria. Hutolewa na mwenziwe." Bibi alipunguza sauti, ikawa ile ile ya hadithi. "Una huruma, mke mwenzangu. Sijui umeitoa wapi. Mama yako hakukuhurumia."

"Mama?"

"Kila mwaka mnakuja na kapu limejaa. Mwaka huu kapu tupu. Unadhani Julia kasahau? Julia hajasahau kitu tangu azaliwe. Anajua mgeni akifika kwangu mikono mitupu hutoa nini. Alimwona dada yake akienda. Mwaka huu nilimdai mtoto mmoja. Kutamka kwa kinywa chake akashindwa, akakutuma wewe ukatamke."

"Siyo kweli."

"Kwa nini haji huku?"

Mabel alikumbuka mama yake akishona mdomo wa kapu, amewapa mgongo, hasemi. Kitu kilimpanda kifuani, kichungu, kikubwa kuliko woga.

"Kesho nautoa ulimi wake," Bibi akasema. "Ukishatoka, hakuna kukomboa. Mtoto hubeba kibuyu tu, mke mwenzangu. Mtu mzima hubeba mtungi. Mimi nina mitungi mingi."

Nje miguu ilianza kuondoka, mmoja nyuma ya mwingine, kurudi gemani. Ile midogo ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa inaburuta.

"Nakupa mama," Mabel akanong'ona.

"Taja jina."

"Julia."

Viganja vya Bibi vilikutana polepole. "Nimepokea."

*

Emilia aliamka akikohoa. Alikaa mkekani, akatazama huku na huku, akasema, "Dada, nina kiu, na kwa nini Isabela anakoroma?" Mabel alimkumbatia kwa nguvu hata mtoto akalia. Alilia naye. Alikuwa amemrudisha mdogo wake. Siku ile na iliyofuata hakuwaza kingine, wala hakutaka kuwaza.

Lori la Masasi lilipopatikana, Bibi aliwasindikiza. Alikuwa amechangamka, goti halimsumbui, amejifunga kanga mpya kabisa, nyekundu, yenye korosho nyeupe. Aliwapungia mkono mpaka vumbi likamfunika.

Masasi hakuna aliyekuja kuwapokea. Walitembea wenyewe, kapu kati yao, chini ya majabali makubwa yanayouzunguka mji. Walipoikaribia nyumba waliona mikeka nje. Juu ya mikeka walikaa wanawake, vichwa vimefunikwa, na mmoja alipowaona akaanza kulia upya.

Mwalimu Cuthbert alitoka. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili katikati ya wiki. Aliwakalisha watoto kitandani, akawaambia. Mama yenu alikuwa anapepeta mahindi uani, saa sita mchana. Akasimama ghafla kama ameitwa. Akasema, "Labeka." Akaanguka. Alizikwa jana. Padri alisema maneno mazuri sana.

Mabel alikaa. Hakulia. Alikuwa anahesabu siku, na siku zilikuwa zinakubaliana.

Baba yake alitafuta neno lingine la kusema, kama watu wafanyavyo msibani, neno lolote lisilo la kifo.

"Bibi yenu aliipenda ile kanga?"

"Kanga gani, baba?"

"Nyekundu, ya korosho nyeupe. Mama yenu aliichagua muda mrefu dukani, mpaka mwenye duka akakasirika. Mimi mwenyewe nilishika taa alipokuwa anaitia chini kabisa ya kapu, akashona juu yake. Alisema mwaka huu ampelekee kitu kizuri kuliko miaka yote, labda atawaacha watoto wake warudi salama. Sikumwelewa. Nikamcheka."

Mwalimu alijifuta macho. Mtoto wake alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama kwa binti hana utani, hawezi kumchukua. Akimtaka, lazima apate kinywa cha mjukuu. Na kinywa alikipata.

"Aliipenda, baba," Mabel akasema. "Aliivaa."

Jioni alimkuta Emilia jikoni, amekaa kwenye jiwe, ananyonya muwa, miguu inaning'inia. Mtoto hakuwa na huzuni, na watu walisema hajui bado msiba ni nini.

"Mama hakufa," Emilia akasema. "Nilionana naye njiani."

"Njia gani?"

"Ile ya gema. Mimi napanda, yeye anateremka. Nilikuwa nimechoka, dada. Mama akanitua kibuyu. Akanifuta pua. Akasema, kimbia usigeuke nyuma." Alitema kapi la muwa. "Akakichukua yeye. Akaniuliza, nani kakutoa? Nikamwambia sijui. Akasema, mwambie Mabel sikukasirika."

*

Wanawake waliomwosha Julia walikuwa na lao la kusema, nao walilisema kwa minong'ono. Walipomwinua kitandani, chini ya kichwa chake walikuta ngata, ile duara ya majani ambayo wanawake huweka utosini wanapobeba mzigo. Ilisukwa kwa majani mabichi ya bondeni, marefu, ambayo Masasi hayaoti. Ilikuwa inachuruzika maji. Mmoja wao aliitupa nyuma ya jiko, wakaendelea na kazi yao.

Kiangazi hicho kilikuwa kikavu. Mikorosho ilipauka, udongo ukapasuka. Nyuma ya jiko la Mwalimu Cuthbert paliota duara la majani mabichi, upana wa kichwa cha mtu mzima. Ardhi chini yake ilikuwa imelowa, na hakuna aliyeimwagia maji. Mwalimu hakuamini mambo hayo. Alilifyeka kwa panga, akachimba mizizi, akachoma, akamwaga majivu ya moto. Wiki haikuisha, likawa limerudi.

Kiangazi kilichofuata lilikuwa bado lipo, na kando yake lilikuwa limeota la pili, dogo.

Mabel aliliona asubuhi moja alipokwenda kumwaga majivu. Emilia alikuwa ametangulia. Alikuwa amelala chali juu ya udongo, kichwa amekiweka katikati ya lile dogo, kwa mchezo wake wa kitoto, anatazama mbingu. Kichwa kilienea sawasawa, majani yakamgusa masikio pande zote.

"Amka hapo," Mabel akasema.

"Ngoja kidogo, dada. Pana baridi nzuri."

Alimshika mkono, akamwinua kwa nguvu, akampeleka ndani. Nywele za utosini za Emilia, ambazo mwaka mzima zilikuwa zimeota tena vizuri, zilikuwa zimelowa, na zilipochanwa zilitoka zote kwenye kitana.